Dhahabu ya Wafatimi: gramu kidogo, kazi ya kufa mtu

Huku kwetu mtu akivaa kidani kipya swali la kwanza ni gramu ngapi, la pili karati ngapi, basi. Sonara kakifanyaje hakuna anaejali. Sasa ukija kwenye vidani vya Misri enzi za Wafatimi (ukoo wa makhalifa wa Kiislamu, walikaa Cairo 969 mpaka 1171) hesabu hiyo inagoma kabisa, vingi viko wazi ndani na dhahabu yenyewe ni kiduchu, kazi ndo imebeba kila kitu.

Angalia kile cha karne ya 11 kilichopo Metropolitan Museum, New York. Kina umbo la mwezi mwandamo, katikati ndege wawili wa enameli wametazamana, na kuwazunguka ni nyuzi tupu za dhahabu. Hizo nyuzi sonara alikuwa anachukua mbili nyembamba anazisokota pamoja, anazipiga ziwe bapa, anazikunja kunja mfano wa herufi S, anazipanga kwenye vijiukanda vya dhahabu alafu analehemu, na hapo moto ukizidi kidogo tu kila kitu kinayeyuka anaanza upya!! Wale ndege nao ni vioo vya rangi vilivyosagwa, unga unajazwa kwenye vijumba vidogo vilivyozungushiwa kuta za dhahabu, unachomwa mpaka unayeyuka, ukipoa unaganda.

Ila mimi kinachoniua ni punje. Vile vidoadoa vya duara vimepangwa juu ya nyuzi, vingine huvioni vizuri bila lenzi. Unakata vipande vidogo vya waya, unavifukia kwenye unga wa mkaa, unapasha moto, na dhahabu ikiyeyuka inajiviringa yenyewe kuwa mpira. Fizikia ya bure hiyo.

Sasa mbona vimebaki vichache hivyo? Viliyeyushwa bwana. Fasheni ikibadilika au njaa ikipiga hodi mtu anapeleka kwa sonara, na maiti ya Muislamu haizikwi na mapambo kwahiyo hata makaburini hukuti kitu. Hazina ya ikulu yenyewe iliporwa na askari miaka ya 1060 wakati wa khalifa al-Mustansir, mishahara ilikwama. Tunavyoviona leo vingi mtu alivifukia akashindwa kuvirudia.

Afadhali karatasi. Kwenye sinagogi la Ben Ezra kule Fustat (mji wa zamani, leo ni sehemu ya Cairo) zimekutwa orodha za vitu vya maharusi wa Kiyahudi, kila bangili na bei yake kwa dinari, wasomi wanazilinganisha na vilivyoko makumbusho.

Na dinari zenyewe zilifika mbali, pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 kilifukuliwa kifurushi cha sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na ndani yake dhahabu chache zikiwemo za Wafatimi.

Ukipata picha ya kidani kama hicho mtandaoni zumu ukingoni, vile vipete vidogo vimezunguka pembeni ni vya kupitishia uzi wa lulu au vito. Lulu zenyewe ndo hazipo tena.