Imani ya Mwenye Mgahawa na Dola Zako Kumi

Kila Chick-fil-A, kampuni ya migahawa ya kuku, inapotajwa Marekani, swali ni lile lile: mtu aache kula pale kwa sababu ya dini ya wenye kampuni? Wengine huligeuza na kuuliza kama waende kula pale kwa sababu hiyo hiyo. Likiulizwa hivyo halijibiki, maana "dini ya kampuni" ni furushi lenye mambo manne: duka linavyoendeshwa, watu wanavyotendewa, mwenye mali anavyosema, na faida inakokwenda. Kwangu, la pili na la nne ndiyo yenye uzito wa kumhamisha mtu meza. Mengine mawili ni kelele tu, ingawa ndiyo yanayopigiwa kelele zaidi.

Uendeshaji wa duka hauna mengi. S. Truett Cathy, Mbaptisti aliyefundisha pia shule ya Jumapili, alifungua mgahawa wake wa kwanza Hapeville, Georgia, mwaka 1946, na tangu hapo Jumapili hapauzwi kitu. Chick-fil-A yenyewe ilizaliwa Atlanta mwaka 1967 ikarithi desturi hiyo. In-N-Out, kampuni ya migahawa ya baga ya California, nayo huchapa rejea za Biblia kwenye vifungashio: Yohana 3:16 chini ya kikombe cha soda, Nahumu 1:7 kwenye karatasi ya baga ya Double-Double. Hakuna anayelazimishwa kukigeuza kikombe asome. Kufunga Jumapili kunaleta taabu ya kweli mahali pamoja tu, pale ambapo mlaji hana pengine pa kwenda, kama kwenye vituo vya kupumzikia vya barabara kuu. Desemba 2023 mbunge mmoja wa jimbo la New York aliwasilisha muswada wa kutaka migahawa ya vituo hivyo, katika mikataba ijayo, ifunguliwe siku saba. Hoja hiyo ina maana, lakini inahusu mkataba wa eneo la umma, haihusu imani ya mtu.

Kutendewa kwa watu ni jambo zito, na sheria imekwisha kulisemea. Piggie Park, migahawa ya nyama choma ya South Carolina, ilikataa kuwahudumia Wamarekani Weusi kama wateja wengine, na mwenyewe alidai kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaingilia uhuru wake wa dini. Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1968, haikuona hata haja ya kubishana na dai hilo. Ililiweka kando katika tanbihi kama upuuzi. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kazini kwa dini yake, na mgahawa hauwi kanisa kwa sababu mwenye mgahawa anasali. Kwa hiyo ukisikia tawi linawanyanyasa wafanyakazi wa dini nyingine au linamfukuza mteja, hapo usihesabu senti. Ondoka, na mfanyakazi aliyedhulumiwa apeleke malalamiko yake kwenye tume ya serikali kuu ya usawa kazini, EEOC. Ila asisubiri: muda wa kulalamika ni siku 180 kwa kawaida, na 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake cha kusimamia sheria kama hiyo.

Halafu maneno. Kiangazi cha 2012 Dan Cathy, mwana wa Truett, alitetea hadharani ndoa ya mume na mke kwa mujibu wa Biblia. Meya wa Boston akaandika barua ya kuikatalia kampuni mji wake. Tarehe 1 Agosti, kwa wito wa Mike Huckabee, gavana wa zamani wa Arkansas, watu walipanga foleni ndefu kuunga mkono, na siku mbili baadaye wapenzi wa jinsia moja wakaenda kubusiana mbele ya matawi. Pande zote mbili zilishughulika na maneno. Wakati huo huo mwendesha tawi la Nashua, New Hampshire, alikuwa anadhamini tamasha la wapenzi hao hao wa jinsia moja. Aliyelisusia tawi lile kwa ajili ya kauli ya makao makuu, Atlanta, alimwadhibu asiyehusika.

Sasa pesa, ambako ndiko kwenye jambo lenyewe.

Chick-fil-A haiuzi leseni kama kampuni nyingine. Mwendeshaji hutoa dola 10,000 kuanza. Kampuni huchagua eneo, hujenga na kuweka vifaa. Kisha huchukua asilimia 15 ya mauzo, na nusu ya faida inayobaki. Chukua mlo wa dola 10. Dola 1.50 inaondoka kwanza. Tuseme baada ya kuku, mishahara na umeme imebaki dola 1: senti 50 zinakwenda makao makuu, senti 50 ni za mwendeshaji. Makao makuu yana dola 2, na humo zinatoka gharama za majengo, matangazo na kodi. Tuseme zimesalia senti 80 za faida, na kumi kwa mia ya faida inatolewa sadaka. Hizo ni senti 8. Anayekula hapo kila wiki mwaka mzima amechangia dola 4.16, na hizo nazo zinagawanywa kwa mashirika mengi. Makadirio ni yangu, unaweza kuweka yako, lakini kiwango hakitapanda sana.

Hesabu hii inawakera wanaosusia na wanaoshabikia kwa usawa. Mtu anayeona shirika fulani linaumiza watu atafanya makubwa zaidi kwa kuwapelekea walioumizwa dola 20 taslimu kuliko kwa kukwepa sandwichi mwaka mzima. Na anayetaka kulisaidia kanisa, kikapu cha sadaka hakimkati asilimia 99.

Lakini kuna kosa moja katika hesabu hiyo, na wengi hawalioni: senti 72 zilizobaki. Hizo ama zinarudi kwenye biashara ama zinaingia kwa familia, kwa kuwa kampuni haiko kwenye soko la hisa. Novemba 2019 wakfu wa Chick-fil-A ulitangaza kwamba kuanzia 2020 ungejikita kwenye elimu, ukosefu wa makazi na njaa, na misaada kwa Jeshi la Wokovu na Fellowship of Christian Athletes, mashirika ya Kikristo yaliyolaumiwa kwa msimamo wao kuhusu wapenzi wa jinsia moja, ikakoma. Aliyekuwa amesusia angeweza kurudi akidhani mambo yamekwisha. Kilichobadilika ni mfuko wa wakfu. Mfuko wa mwanafamilia ni wake, na hauhitaji tangazo.

Kwa hiyo ukitaka kujua pesa zinakwenda wapi, usisome magazeti kwanza. Tafuta jina la wakfu kwenye tovuti ya Nonprofit Explorer ya shirika la habari la ProPublica, bure, au kwenye ukurasa wa mamlaka ya kodi, IRS. Kwa familia ya Cathy angalia pia wakfu wa WinShape, ulioanzishwa 1984. Fungua Fomu 990, ripoti ya mwaka ambayo mashirika yasiyo ya faida huipelekea IRS. Misaada kwa mashirika ya Marekani inayozidi dola 5,000 imeorodheshwa kwenye Jedwali I, kila mpokeaji na kiasi chake. Wakfu binafsi hujaza 990-PF, na humo misaada yote inatajwa. Kisha fungua kumbukumbu za tume ya uchaguzi ya serikali kuu, FEC, uandike jina la mwenye mali: michango ya mtu mmoja inayozidi dola 200 kwa mgombea wa ngazi ya taifa inaonekana, pamoja na kazi na mwajiri wake.

Wanaofuata njia hii hukwama sehemu mbili. Kwanza, fomu huchelewa. Wakfu unaofunga hesabu Desemba una hadi Mei 15 kuwasilisha, na ukiomba nyongeza, Novemba 15. Unayosoma leo yaweza kuwa mambo ya miaka miwili nyuma. Angalia mwaka ulioandikwa juu ya fomu kabla hujaisambaza, maana orodha ya zamani ni rahisi kuzungushwa mitandaoni kana kwamba ni ya jana. Pili, kuna mifuko ambayo mtu anaweka pesa kisha anashauri ziende wapi. Fomu ya mfuko inaonyesha waliopokea, haionyeshi ni pesa za nani. Hapo njia inakatika kisheria kabisa, na anayedai ameifuata hadi mwisho anabuni, isipokuwa ana nyaraka za ndani.

Ukishaamua kuondoka, sema. Mgahawa unaona mauzo yamepungua, hauoni sababu. Huenda ukadhani ni bei. Andika mistari mitatu kwa makao makuu: msaada gani, wa mwaka gani, kwenye fomu ipi, na nini kingekurudisha. Mwendeshaji mwandikie kando, kwa sababu yeye ndiye anayeumia kwanza na hana sauti kwenye wakfu. Kwa In-N-Out barua ya pili haina kazi, matawi yote ni ya kampuni.

Na uchague sababu moja. Mwaka 2023 baadhi ya wahafidhina nao waliitisha mgomo dhidi ya Chick-fil-A, kwa kuwa ilikuwa na ofisa wa masuala ya utofauti na ujumuishi wa watu. Kampuni inayosusiwa na pande zote mbili kwa sababu zinazopingana haina la kurekebisha, na barua zote huishia kwenye kapu moja.