Buibui Kati Yangu na Usukani

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, mwaka juzi, nilikuwa nikiendesha gari kutoka Kakamega kurudi Kisumu, binti yangu wa miaka sita akiwa ameketi nyuma, nilipomwona buibui akishuka kwa uzi wake kutoka kwenye kibao cha kuzuia jua na kuning'inia kati ya uso wangu na usukani. Tulikuwa tumekaribia Kiboswa, mahali ambapo matatu husimama bila kutoa ishara na bodaboda hukata barabara wapendavyo. Sikumbuki kukanyaga breki. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta nje, kando ya lami, mlango ukiwa wazi na injini ingali inanguruma, huku dereva wa lori lililokuwa nyuma akipiga honi mfululizo. Binti yangu alikuwa bado ndani, amefungwa mkanda, akilia. Nilikuwa nimemwacha mtoto wangu katikati ya barabara kwa ajili ya kiumbe asiyefikia ukubwa wa punje ya hindi.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo ina haki kwa aliyeumwa, lakini mimi sijawahi kuumwa na buibui hata siku moja. Nilikulia karibu na Mumias, katika boma lenye choo cha shimo kilichoezekwa mabati, na katika pembe za choo kile walikaa buibui wenye miguu mirefu ambao nilijifunza kuwahesabu kabla sijaingia. Binamu zangu walipogundua siri hiyo, walimkamata mmoja wakamtia kwenye ukosi wa sweta yangu, wakasema kwamba nikizoea nitapona. Sikupona. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyetupenda sana sisi watoto, alitukataza kuwaua buibui kwa sababu ni buibui aliyefuma utando kwenye mlango wa pango alimojificha Mtume, wale waliokuwa wakimwinda wakadhani hakuna aliyeingia. Kisa hicho nilikipenda na ninakipenda hadi leo, ila moyo ulikikubali na mwili ukakikataa.

Watu wasio na hofu hii hudhani kwamba tatizo ni kutojua. Kila mara mtu hukueleza kwamba buibui ni mdogo kuliko wewe, kana kwamba hukuwahi kuliona hilo. Ukweli ni kwamba nilijua yote, na ujuzi huo haukunisaidia lolote saa tatu usiku nilipokuwa nikimulika tochi chini ya kitanda na nyuma ya pazia kabla ya kulala. Niliacha kuchukua nyumba nzuri ya kupanga hapa Kisumu kwa sababu ya utando niliouona juu ya mlango wa jikoni. Jambo lililoniumiza zaidi ni matanga. Kwetu, mtu akifiwa, unalala pale pamoja na wenzako, na mimi nilikuwa nikitafuta visingizio vya kuondoka kabla giza halijaingia, hata wakwe zangu wakaamini kwamba nina majivuno. Niliona afadhali waniite mwenye majivuno kuliko wajue kwamba mwanamume mzima anaogopa ukuta wa udongo.

Baada ya siku ile ya Kiboswa, binti yangu alianza kupiga mayowe kila alipoona buibui. Hapo awali alikuwa akiwachezea. Baadaye nilisoma juu ya utafiti wa mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake, ambao katika miaka ya 1980 walionyesha kwamba kima vijana waliolelewa maabarani, wasiowaogopa nyoka kabisa, walianza kuwaogopa baada tu ya kuwatazama kima wakubwa wakiogopa. Sikuhitaji utafiti kuniambia hayo, kwani nilikuwa nimeyaona mezani kwangu. Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona mshauri nasaha.

Mama yule hakucheka, na kwa hilo peke yake nitamshukuru maisha yangu yote. Alinieleza kwamba kila ninapokimbia, mwili hupata nafuu ya ghafla, kisha hujiaminisha kwamba kukimbia ndiko kulikouokoa, na kwa hivyo safari inayofuata hukimbia mapema zaidi. Dawa yake ni kubaki, lakini kubaki kwa kipimo ambacho mtu anakiweza, na kwa hiari yake mwenyewe. Njia hii si mpya. Mwaka 1924, mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani aliandika kuhusu mtoto aliyemwita Peter, aliyekuwa na hofu ya sungura. Walimsogeza sungura karibu kidogo kidogo huku mtoto akila chakula alichokipenda, hadi mwishowe akaweza kumshika. Mwaka 1958, daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliitolea mpango kamili: mtu anapanga hofu zake kama vipandio vya ngazi, kutoka ndogo hadi kubwa, na hapandi cha pili kabla cha kwanza hakijatulia. Niliposikia hayo nilikumbuka sweta yangu. Binamu zangu walidhani wananifundisha, kumbe walinipandisha kilele cha ngazi kwa nguvu, kisha wakaiondoa ngazi.

Kipandio changu cha kwanza kilikuwa kuliandika neno lenyewe kwenye karatasi. Kisha mchoro, kisha picha, kisha video kwenye simu, kila kimoja kwa siku zake, nami nikiandika kwa namba kutoka 0 hadi 10 jinsi hofu ilivyokuwa mwanzoni na jinsi ilivyokuwa baada ya nusu saa. Video ilinichukua wiki mbili. Sitaeleza kila hatua, kwa maana nyingi zilikuwa kukaa tu na kutokwa na jasho.

Ila siku ya bilauri lazima niieleze. Mke wangu alimnasa buibui mdogo dirishani, akamfunika kwa bilauri juu ya meza, nami nikakaa mwisho wa chumba. Namba yangu ilikuwa 9. Kila baada ya dakika kadhaa nilisogeza kiti, na nilipofika karibu kiasi cha dhiraa moja, buibui aligeuka. Aliuzungusha mwili mzima akanielekea, na mbele ya uso wake nikaona macho mawili makubwa, meusi, yanayong'aa kama mbegu za papai zilizolowa, na mengine madogo pembeni. Miguu yake ilikuwa mifupi, yenye manyoya ya kijivu na mistari. Aliuinua mguu mmoja wa mbele, akaugusa ukuta wa bilauri, akaushusha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nikimtazama buibui badala ya kuitazama hofu yangu, na namba ilipofika 4 niligundua kwamba nilikuwa nimesahau kuangalia saa.

Yule alikuwa wa jamii ya buibui warukao, wasiotega utando bali huwinda kwa macho. Kando ya ziwa letu, Ziwa Victoria, yupo mmoja wa jamii hiyo aitwaye Evarcha culicivora, ambaye watafiti wamemchunguza kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita. Mwaka 2005 Robert Jackson na wenzake walichapisha kwamba buibui huyu, akiwa na hiari, huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba humpendelea Anopheles, yule aenezaye malaria, ambaye hukaa ukutani akiwa ameinua tumbo juu. Mimi nimelazwa kwa malaria mara tatu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikipuliza dawa ili kumwangamiza yule anayemla adui yangu.

Simwambii mtu azoee kila kitambaacho. Jongoo hujikunja tu na kukuachia harufu, lakini tandu huuma na nge huchoma, na viatu vilivyolala nje mvua za masika zinyeshapo ni vyema kuvikung'uta kwanza. Hiyo ni tahadhari, nayo huisha kiatu kikishakung'utwa. Hofu yangu haikuwa ikiisha.

Bado nashtuka. Mwezi wa Desemba nililala matangani kwa wakwe zangu, na usiku wa manane nikaamka nikamulika simu, nikamwona buibui bapa, mpana kama kiganja cha mtoto, amejitandaza ukutani juu ya godoro langu. Moyo ulipiga sana. Nilihesabu pumzi, nikamtazama mpaka namba ikashuka hadi 5, kisha nikazima simu. Shemeji yangu, ambaye sikujua kwamba alikuwa macho, akaniuliza gizani, "Shemeji, bado upo?" Nikamjibu kwamba nipo.