Klachi ya Subaru WRX: giaboksi ilipogoma kutoka

Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya nne, mshale wa mizunguko ya injini unapanda lakini gari haliongezi mwendo. Hiyo ni klachi inayoteleza. Kwenye WRX yangu ya gia tano ilianza baada ya kuongeza presha ya tabo. Nikanunua klachi ya kazi nzito, ila si ile ya diski ya seramiki: inashika kwa kishindo, na kwa foleni za Nairobi hayo ni mateso.

Shida ilikuja wakati wa kushusha giaboksi. Boliti zote zimetoka, giaboksi imeachana na injini upana wa kidole, halafu ikagoma kabisa. Fundi akaomba mtaimbo. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, boss."

Klachi ya gari hili ni ya kuvuta, si ya kusukuma: ukikanyaga pedali, bearingi inavutwa ili klachi iachie. Bearingi hiyo imejifunga kwenye presha pleti (sahani inayobana diski ya klachi), na uma, yaani mkono unaoivuta, umeikamata. Ukilazimisha, utavunja kitu. Tulifungua kizibo cha alen namba 10 kwenye nyumba ya klachi, tukafunga boliti ya milimita 6 kwenye shafti ya uma, tukaivuta nje. Uma ukalegea, giaboksi ikaja bila matusi.

Flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo klachi hubanwa juu yake, ilienda kusagwa, maana ilikuwa na madoa ya bluu ya moto. Grisi kwenye splaini (meno ya shafti ya giaboksi), kidogo sana. Kilomita 800 za kwanza niliendesha kipole. Pedali sasa ni nzito. Thika Road jioni, mguu wa kushoto unalijua hilo.