Injini ya sauti ya uhalisia pepe: nimebadili njia

Wiki hii nimeiondoa sehemu ya injini yangu iliyokuwa ikichuja kila chanzo cha sauti peke yake. Vichujio vyake, vinavyoiga jinsi kichwa na masikio yanavyoibadilisha sauti ya kila mwelekeo, vilitokana na vipimo vya kichwa bandia cha KEMAR vilivyotolewa na chuo cha MIT mwaka 1994, vyenye mielekeo 710, na kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchanganya moja kwa moja vichujio vya mielekeo miwili jirani. Kwa kuwa sauti inayotoka ubavuni hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa kwa takriban milisekunde 0.7, na ucheleweshaji huo hubadilika kadiri chanzo kinavyosogea, mchanganyiko wangu ulitoa nakala mbili zilizofutana, hata mbu wangu wa majaribio aliyezunguka kichwa akasikika kama yumo ndani ya bomba. Nilipoutenga ucheleweshaji na kuukokotoa peke yake, mbu alitoka bombani. Lakini vyanzo vilipozidi ishirini, prosesa ilielemewa.

Sasa natumia ambisoniki, mbinu inayohifadhi sauti ya pande zote kwa pamoja badala ya chanzo kimoja kimoja, katika daraja la tatu la usahihi wake. Vyanzo vyote hujumlishwa katika chaneli 16, msikilizaji akigeuza kichwa chaneli hizo huzungushwa kwa pamoja, na vichujio hubaki 32, kimoja kwa kila sikio kwa kila chaneli, hata vyanzo viwe mia. Gharama yake ni kwamba juu ya takriban hezi 2,000 mwelekeo hufifia, nami nimeikubali.

Sababu ya pili ni hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Misingi ya ambisoniki iliwekwa na Michael Gerzon na wenzake huko Uingereza katika miaka ya 1970, na kwa kuwa hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, zile za mwanzo zimekwisha muda. Mbinu mpya za kuigeuza kuwa sauti ya masikio mawili ni jambo jingine, kwa hiyo husoma madai yenyewe, yaani vifungu vya hataza vinavyotaja kinacholindwa, wala si muhtasari, nikiangalia kama msimbo wangu una kila kipengele cha dai. Hata hivyo, kuwa na haki hakutoshi: kampuni ya kadi za sauti za kompyuta ya Aureal ilishinda kesi ya hataza dhidi ya mshindani wake Creative mwaka 1999, lakini gharama zake zilichangia kuifilisi, na mwaka uliofuata mali zake zikanunuliwa na Creative hiyo hiyo.

Kwa mwangwi wa kuta naijaribu Steam Audio, programu ya sauti ambayo kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve iliufungua msimbo wake kwa umma mwaka 2024 kwa leseni ya Apache 2.0. Leseni hiyo inatoa ruhusa ya hataza za wachangiaji wake, si za watu wengine, hivyo orodha yangu ya madai ya kusoma haijafupika.