Bahari sebuleni Kampala, na chumvi yao ya Katwe

Kila niliyemwambia nataka kufuga samaki wa bahari hapa Kampala alinipa ushauri, na wengi wao hawajawahi kufuga hata kambare. Kinara wao ni jirani yangu: "Chumvi si ipo Katwe? Koroga tu, umemaliza."

Basi nikanunua hiyo ya Katwe, ziwa la chumvi la magharibi mwa Uganda, nikaikoroga kwenye ndoo isiyo na samaki, nikachovya karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa asidi au magadi majini. Bahari huwa 8.1 hadi 8.3 hivi. Karatasi yangu ilizipita rangi zote za kwenye boksi ikatua kwenye ile ya mwisho. Lile ni ziwa la kreta ya volkano, chumvi yake ina magadi, na kalsiamu na magnesi ambazo bahari inazo kwa wingi, huko ni kama hazipo. Nikampelekea jirani ushahidi wake mkononi. Akaigeuzageuza karatasi, akasema labda imeisha muda.

Shemeji yangu, dereva wa lori, yeye aliona tusihangaike na chumvi, alete bahari yenyewe kutoka Mombasa. Akajaza jerikeni, akazifunga kabisa, zikapigwa jua njia nzima na foleni yote ya mpakani Malaba. Tulipofungua ya kwanza, turnboi aliruka chini. Maji ya bahari yana vidudu hai visivyoonekana. Ukivifungia bila hewa vinakufa na kuoza humohumo. "Shemeji, hii imefariki," akasema mwenyewe. Tukamwaga mtaroni, majirani wakafunga madirisha.

Ila nilikuwa nimemwomba pia chupa moja ya soda ya maji hayo, aiweke kwenye barafu. Watu walidhani ni ya dawa. Kumbe nilitaka kutengeneza kipimo cha chumvi. Nilichukua mrija wa soda, nikaziba upande mmoja kwa nta ya mshumaa, nikatia mchanga kidogo hadi ukasimama wima majini. Nikauelesha kwenye maji ya Mombasa, nikachora alama ya kalamu pale uso wa maji ulipofika. Kwenye maji matamu mrija huzama zaidi, kwa milimita nne hivi, kwa hiyo macho yawe makini, na maji yote mawili yawe na joto moja, la sivyo unajidanganya. Baadaye nilipata kipimo cha dukani, kikasoma 1.025, yaani uzito wa maji ya bahari ukilinganishwa na maji matamu. Mrija wangu ulikubaliana nacho, na nilihakikisha kila mtu nyumbani anajua.

Chumvi yenyewe ni ile maalum ya pakiti, niliagiza Nairobi. Gramu 35 hivi kwa lita, kwenye maji yaliyochujwa ya kunywa, maana ya bomba yana klorini. Bei siitaji, mke wangu anasoma.

Muuzaji wa samaki alitaka nitie samaki siku hiyohiyo, "watazoea." Hawazoei. Mizoga na mavi hutoa amonia, sumu kwa samaki, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki kadhaa kuota kwenye mawe na mchanga. Bakteria nao wanataka chakula, nami nikawapa mukene, wale dagaa wa ziwani, vipande vichache ndani ya soksi ya zamani. Harufu ilikuwepo, sikatai. Tulikula chakula cha jioni barazani hadi amonia na nitriti zikasoma sifuri.

Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe walipofika niliwatia kwenye ndoo na maji yao, nikawadondoshea maji ya tangi kwa mpira wa dripu kutoka duka la dawa, tone kwa tone. Mfamasia aliuliza mgonjwa ni nani. Nikasema wako wawili.

Stima ikipotea, pampu ya hewa inahamia kwenye betri ya pikipiki. Bila hewa usiku kucha utaamka na hasara, kwa hiyo hii nunua kabla ya samaki, si baada.

Na maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matamu. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki tangini. Jirani yuleyule amenishauri niongeze kijiko cha chumvi kila asubuhi, na sasa tangi lina mfuniko wenye kufuli.