Kuongoza Ndege kwa Mbali: Namna Nilivyojizoeza Kukabidhi Zamu

Rubani aliyeketi ndani ya ndege huijua hali yake kwa mwili mzima, kwa sababu mtikisiko wa kiti, mngurumo wa injini na hata harufu ya mafuta humwarifu kabla hajatazama kipimo chochote. Nilipoanza kuongoza ndege kutoka chumba cha ardhini, nilibaki na macho peke yake, nayo yakitazama picha finyu ya kamera na safu za tarakimu. Zaidi ya hayo, ishara inayopitia setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta huchukua kama nusu sekunde kupeleka amri na kurudisha picha, mbali na muda wa mitambo kuichakata. Kwa hiyo nilijizoeza kutoa amri ndogo na kusubiri matokeo, maana anayesahihisha kabla ya kuona jibu huishia kusahihisha mara mbili.

Hata hivyo, jambo lililonishughulisha kuliko yote ni makabidhiano. Mwaka 2006, karibu na Nogales katika jimbo la Arizona, Marekani, ndege ya doria aina ya Predator B ilianguka baada ya meza ya rubani, yaani ile yenye skrini na wenzo za kuongozea ndege kutoka ardhini, kukwama na uongozi kuhamishiwa meza ya pili. Wenzo ambao katika meza ya rubani hudhibiti injini, katika meza ya pili ulikuwa ukidhibiti mwanga unaoingia kwenye kamera; mahali ulipokuwa hapakulinganishwa kwanza na mahali pa ule wa meza ya rubani, na uongozi ulipohama, mafuta ya injini yakakatika. Ndani ya ndege halisi, ukimya wa injini ungesikika papo hapo. Naamini kabisa kwamba lawama haimwangukii rubani peke yake, kwani anayebuni meza mbili zinazofanana zenye kazi tofauti amekwisha kutega mtego.

Ndiyo maana sikabidhi ndege kwa kuinuka tu kitini. Mwenzangu huketi kwenye meza ya pili, nami nasoma orodha ya ukaguzi kwa sauti huku kila mmoja akiwa ameweka mkono juu ya wenzo anaoutaja.

“Wenzo wa injini?”

“Uko mbele kabisa, sawa na wako.”

“Ndege ni ya nani?”

“Ndege ni yangu.”

Sentensi hiyo ya mwisho isipotamkwa, mkono wangu hauondoki.

Saa za katikati ya zamu, ambapo hakuna linalotokea, zina ugumu wake. Majaribio ya mwanasaikolojia Norman Mackworth, yaliyochapishwa mwaka 1948, yalionyesha kwamba umakini wa mtu anayengoja ishara adimu hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Mimi huandika kwa mkono joto la injini na kiasi cha mafuta kila baada ya muda mfupi, ijapokuwa kompyuta huhifadhi tarakimu hizo, kwa kuwa anayeandika hulazimika kusoma, na mwenzangu anapofika hukuta mwenendo wa ndege mzima ukiwa karatasini.