Kahawa ya Sufuria Iliponipandishia Kolesteroli

Mwezi wa pili nilipimwa damu hapa Kisumu, ile kolesteroli mbaya (LDL) ikatoka juu, milimoli 4.3 kwa lita. Mwenzangu kazini, mtu mzima ninayemheshimu, akaniambia palepale: "Ni hiyo espresso yako, kahawa ya mashine ya kule Milimani. Chungu namna ile itakosaje kuumiza moyo? Kunywa kahawa ya nyumbani, hiyo ni nyepesi."

Nikamtii miezi mitatu. Espresso nilikuwa nakunywa moja tu, Jumamosi. Nikaiacha, na badala yake nikawa namaliza vikombe vinne kwa siku vya kahawa ya shangazi kutoka Chwele, anayoikaanga na kuitwanga mwenyewe, nami naichemsha kwenye sufuria pamoja na unga wake. Kurudi kupimwa: 4.6. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, kwa sababu mtu alipima hatari ya kahawa kwa uchungu wake ulimini.

Daktari ndiye aliyeniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: unaichuja kwa kitu gani? Kahawa ina mafuta yake, kafestoli na kahweoli, na hayo ndiyo yanayolizuia ini kugeuza kolesteroli kuwa nyongo. Wanorwe wa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, waliligundua hili la kahawa na kolesteroli tangu miaka ya 1980, nao walikuwa na desturi ya kuichemsha kama sisi. Kahawa ya kuchemsha ina mafuta hayo tele. Espresso nayo haipiti kwenye karatasi ya kuchujia, maji yanasukumwa kwa mashine kwa sekunde 25 au 30 hivi, kwa hiyo mafuta yamo, lakini kikombe chenyewe ni mililita 30. Iliyopita kwenye karatasi haibaki nayo karibu kabisa.

Basi nikaanza kuchuja. Chujio la chai halikusaidia kitu. Nikaona nitumie karatasi ya kupangusia mikono: nikaikunja mara mbili, nikaitandika ndani ya faneli ya mafuta ya taa niliyoiosha mara tatu, nikamimina. Ilivumilia nusu kikombe. Kisha ikapasuka chini, unga wote ukaporomoka na maji ya moto yakaruka hadi kwenye shati jeupe la kazini, saa moja na nusu asubuhi. Na kile kilichobaki kikombeni kilinuka mafuta ya taa.

Nikanunua karatasi zenyewe supamaketi, kama mia tano hivi pakiti, na faneli mpya. Fundi wa jua kali pale Kibuye akanikunjia waya wa kuishikilia juu ya kikombe, mia mbili na kitu. Bado maji yalisimama juu kama dimbwi, hayashuki. Hapo ndipo nilipogundua siri ninayojivunia: unga wa shangazi ulikuwa laini mno, unaziba karatasi. Nikampigia simu: "Shangazi, safari hii usiitwange sana, iache chengachenga." Na karatasi niiloweshe kwanza kwa maji ya moto, ishike kuta. Ikaanza kushuka vizuri, nyekundu, safi.

Usingizi nao ulikuwa umenipotea, na nilikuwa nikidhani espresso ndiyo yenye kafeini nyingi, ile inayokesha mtu. Espresso moja ina miligramu 60 na kitu. Kikombe kikubwa cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja kina kama 95. Karatasi haizuii kafeini. Cha saa kumi na mbili jioni ndicho kilichokuwa kinanikodolesha macho, nikakiondoa, usingizi ukarudi.

Chakula sikubadilisha, samaki na ugali ni vilevile. Baada ya miezi minne: 3.8. Espresso ya Jumamosi nimeirudia, daktari akijua.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi faneli na pakiti mbili. Alikunywa kimya, akatazama ile karatasi iliyong'aa mafuta pembeni, akasema, "Kumbe haya yote tulikuwa tunayameza?" Akanipa kikombe nimwongezee.